Mtoto wa Chambo

Miaka kumi na moja nimejibu swali moja kwa neno moja. Harusini, msibani, kwenye foleni ya gesi, mtu hajakuuliza hata umeamkaje, macho yake yameshashuka tumboni: "Tayari?" Nami najibu, "Bado." Kwetu Kebumen ndiyo salamu ya mwanamke aliyeolewa. Ukinuna wanasema huna adabu, kwa hiyo unacheka. Nimecheka mpaka mashavu yakaota sugu.

Na kazi yenyewe ninayoifanya sasa! Naotesha choroko. Mwambie mtu yeyote hapa Java kwamba unatafuta mtoto, hajamaliza hata kukusikiliza atakwambia ule choroko zilizoota, wewe na mumeo, kila siku bila kukosa. Basi wanawake wote wa mtaani wenye shida hiyo walikuwa wateja wangu. Wanakuja wamejiinamia, wananunua miezi miwili mitatu, halafu kimya. Ukija kukutana nao tena, tumbo liko mbele, wao wako nyuma. Painah, muuza tofu, ile jibini ya soya, wa meza ya jirani sokoni, alikuwa hachoki kunichokoza.

"Mganga hajigangi, Yati! Mtaa mzima umeuzalisha, wewe mwenyewe holaa!"

"Angalia tofu zako, zinachacha," namjibu.

Tunacheka wote wawili. Halafu narudi nyumbani, nafunga mlango, natazama sakafu niliyoifagia asubuhi. Iko vilevile nilivyoiacha, hakuna wa kuichafua. Niliuchukia usafi wa nyumba yangu kuliko kitu chochote duniani.

Mwaka ule akaja mkunga mpya, Bu Retno, yaani Mama Retno, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kiranja. Akaanzisha darasa kila Alhamisi asubuhi kwenye kituo cha afya, darasa la wanawake wanaotafuta mtoto. Siku ya kwanza tulikuwa tisa, kila mmoja amekaa kivyake, amejifunika mtandio mpaka kwenye nyusi, utadhani tumekamatwa tukiiba. Bu Retno hakumung'unya maneno. Alisema yai la mwanamke likishatoka haliishi zaidi ya siku moja, lakini mbegu ya mume inaweza kulisubiri siku kadhaa. Kwa hiyo siku zenye maana ni zile za kabla.

"Utazijuaje?" akauliza, na kujijibu mwenyewe. "Kila asubuhi, kabla hujashusha mguu kitandani, kabla hujaongea, weka kipimajoto mdomoni. Andika. Joto likipanda kidogo na kubaki juu, ujue yai limeshatoka. Fanya hivyo miezi mitatu, utazijua siku zako kuliko unavyoijua siku ya gulio."

Akatwambia tulale usingizi wa kutosha, tutembee, tumeze vidonge vya foliki, tupunguze sukari kwenye chai. Hapo wote tukaguna, maana chai bila sukari kwetu ni kumtukana mgeni. Akatukataza kwenda kwa wakandaji wanaominya tumbo ati wanainua kizazi. "Na waume zenu waache sigara. Mwanamke hashiki mimba peke yake."

"Na choroko, Bu?" mmoja akauliza, huku akiniangalia mimi.

"Choroko ni chakula kizuri. Si dawa."

"Ala! Bu Retno, unataka nife njaa?" nikasema. Darasa zima likaangua kicheko. Toka siku hiyo tukaanza kukaa karibu karibu.

Mume wangu, Darsono, ninayemwita Mas kwa heshima, anachoma vigae kwenye tanuri. Si mtu wa maneno. Nilipomsimulia habari za darasa nilijua atakasirika, nani anapenda kuambiwa na mkunga avute au asivute? Akanisikiliza, akaivuta sigara yake ya karafuu mpaka mwisho, akaizima, kisha akachukua pakiti iliyobaki akaiweka juu ya kabati. Mpaka leo iko kule, imeota vumbi. Akawa anatafuna pipi za tangawizi, mdomo unamwasha, hasemi kitu. Tena choroko zinataka kumwagiliwa kila baada ya saa chache, mchana na usiku, na aliyekuwa akiamka saa nane za usiku ni mimi. "Mkunga kasema ulale," akaniambia. "Nitaamka mimi." Na kweli akawa anaamka, mtu ambaye alfajiri anatakiwa awe mbele ya moto.

Nilimpenda mwanamume yule. Nataka hilo lijulikane kabla sijasema mengine.

Mama mkwe wangu, yeye, mambo ya kipimajoto hakutaka hata kuyasikia. "Joto, joto, wewe kuku wa kuatamia?" Dawa yake ilikuwa ile ya wazee: nyumba isiyo na mtoto inaazimwa mtoto. Sauti yake inaita wenzake. Mtoto huyo wanamwita chambo, na hakuna anayeona aibu kumwita hivyo hata mbele yake. Mama mkwe akamgeukia binti yake Warsini, wifi yangu, ambaye mume wake yuko Malaysia kwenye mashamba ya michikichi na ana wasichana watatu. Akamwambia atoe mmoja. Warsini akalia siku mbili, siku ya tatu akamleta wa kati, Kinanti, wa miaka minne na nusu, amekumbatia mto wake mwenyewe wa kulalia. Ukapikwa wali wa manjano, ikasomwa dua, majirani wakala.

"Sikiliza, Mbak Yati," Warsini akaniambia mlangoni, akiniita dada kama kawaida yake. "Nimekuazima, sijakupa. Ukishika mimba, mwanangu anarudi kwangu."

"Haya," nikasema. Nilisema haraka haraka kabisa, maana wakati huo nilichokuwa nikikitaka ni samaki. Chambo, nani anakitazama usoni?

Wiki ya kwanza mtoto hakusema. Wiki ya pili akagundua vyungu vyangu vya choroko, vile vyenye matundu chini, vimefunikwa majani ya migomba ndani ya chumba cha giza. Akataka kujua kwa nini nazifungia.

"Zikiona mwanga zinakuwa chungu," nikamwambia.

"Haziogopi?"

"Ziko nyingi. Zinaongea zenyewe kwa zenyewe."

Basi kila asubuhi anaingia mle, anabandika sikio kwenye chungu, kisha anakuja kunipa habari. Leo zinagombana. Leo moja imeota ndoto mbaya. Sakafu yangu ikajaa maganda ya choroko, sandali zisizo na mwenzake, michoro ya mkaa ukutani. Sokoni akawa anakaa chini ya meza yangu na kutoa kichwa mteja akija: "Chukua mbili, Budhe wangu ni mkarimu!" Budhe ndiyo shangazi mkubwa kwa lugha yetu. Painah akawa anampa tofu za kukaanga na kuniambia pembeni, "Usijisahau, mwenzangu. Nguo ya kuazima haisitiri matako." Nikamwambia afunge mdomo, lakini safari hii sikucheka.

Asubuhi ndiyo tulikuwa na kazi yetu wawili. Nikiamka na kipimajoto mdomoni, Kinanti anapanda kitandani na kalamu. Siwezi kuongea, kwa hiyo naye anafumba mdomo kunisindikiza, mashavu kayavimbisha. Kikitoka nasoma namba, namwonyesha kwa kidole mstari upi, anaweka nukta. Nukta kubwa, nyeusi, ya kukandamiza mpaka karatasi inatoboka. Kwenye chati za darasa langu, Bu Retno alikuwa anaijua yangu kwa mbali. Baada ya miezi mitatu akachukua kalamu nyekundu akazizungushia siku zangu sita. "Hizi," akasema. "Mwezi ujao, hizi."

Siku moja, nikiwa namvalisha, Kinanti akaniita Mama. Akajishtukia, akaziba mdomo. Nikajifanya sikusikia, nikaendelea kufunga vifungo, na kimoja nikakiingiza kwenye tundu la mwenzake.

Mwezi wa saba nukta zilipanda zikagoma kushuka. Siku kumi na nane ziko juu. Bu Retno akanipa kipimo cha mkojo, ikatokea mistari miwili. Akanishika mabega: "Kaa nayo kimya kwanza. Ni mapema mno." Mimi na kukaa kimya! Miaka kumi na moja nimesema bado, uniambie nimeze neno nililolipata? Nilishuka pale nikapita sokoni nikamwambia Painah. Painah kumwambia mtu ni sawa na kupanda juu ya mnara wa msikiti na kipaza sauti. Kabla ya alasiri mama mkwe alikuwa na habari, na jioni ile ile Warsini alikuwa mlangoni kwangu na pikipiki ya kukodi.

Ndivyo tulivyopatana. Nilikunja nguo zake, nikamfungia na pipi za Pakdhe wake, yaani Mas Darsono. Kinanti alikuwa amesimama katikati ya chumba na mto wake.

"Nimefanya nini?" akauliza.

"Hujafanya kitu, mwanangu. Unarudi kwa mama."

"Nitafagia," akasema. "Yale maganda nitayafagia yote."

Pikipiki ikaondoka. Mas Darsono alikuwa na furaha siku ile, alitaka kunishika tumbo, nami nilikuwa nimesimama na sandali moja ya mtoto mkononi, nalia, naye akadhani nalia kwa furaha. Nikamwacha adhani hivyo.

Wiki mbili na nusu baadaye damu ikatoka. Bu Retno alinieleza kwa upole kwamba mimba changa nyingi hutoka hivyo, kwamba si vyungu nilivyobeba, si huzuni, si kosa la mtu. Nilimwamini. Lakini nitasema ukweli, hata kama utanihukumu: nilipokuwa nimelala pale, sikio langu halikuwa linatafuta mtoto aliyetoka. Huyo sikuwahi kumsikia. Lilikuwa linatafuta miguu midogo ikikimbia kwenda kwenye vyungu. Upweke wa mtu asiyewahi kuwa na mtoto nilikuwa nimeuzoea, ni kama jino bovu, unatafunia upande mwingine. Huu ulikuwa mwingine. Nilizimwagilia choroko nikajikuta nimebandika sikio kwenye chungu, mwanamke mzima, nasikiliza.

Mama mkwe alikuja akawaka, lakini si kwangu. Alimwakia binti yake. "Umeondoa chambo mapema, samaki kaponyoka! Mrudishe huyo mtoto!" Warsini akakubali, maana mama yake hakataliwi. Ila kabla hajamwachia mkono nilimwomba tuongee jikoni.

"Wifi, niachie moja kwa moja. Utamwona kila siku ya gulio. Nitamsomesha. Nipe."

Warsini alinitazama. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Mbak Yati, ungekuwa wewe, ungetoa?"

Nikageuka nikafunika sufuria ambayo ilikuwa imeshafunikwa.

"Basi. Atakaa mpaka tumbo lako lionekane, safari hii sitaharakisha. Hata likichukua miaka, atakaa, nimemwahidi mama. Lakini likionekana, nakuja kumchukua."

Alikuwa na haki. Nisingetoa hata ukucha.

Asubuhi ya kwanza Kinanti alipanda kitandani na kalamu kama zamani. Alikuwa ametimiza miaka mitano na alikuwa amekonda. Nikasoma namba, nikamwonyesha mstari. Akaweka nukta mistari mitatu chini yake.

"Hapana, hapa juu."

Akatikisa kichwa. Nikamshika mkono, akaukaza.

"Mbona hivyo, Kinanti?"

"Mama kasema nukta zikipanda mtoto anakuja," akasema, macho kwenye karatasi. "Na mimi narudishwa. Nikiziweka chini, sirudishwi. Sivyo?"

Jamani. Kuna maswali ambayo hata mtume angeomba maji ya kunywa kwanza. Nilikaa pale na kipimajoto mkononi. Nilitazama chati, ile karatasi niliyoitunza kuliko cheti cha ndoa, zile siku sita Bu Retno alizozizungushia wino mwekundu. Nilifundishwa vizuri. Nilizijua siku zangu kuliko siku ya gulio. Na mtu akishajua mlango uko wapi, anajua pia pa kufunga.

"Weka nukta panapotakiwa," nikamwambia. "Usiogope. Hurudishwi."

"Kweli?"

"Kweli, mwanangu."

Akaiweka mahali pake, akaikandamiza mpaka ikatoboa.

Toka hapo, zile siku sita za kila mwezi, Kinanti analala katikati yetu. Mwezi wa kwanza nilisema ana homa. Mwezi wa pili kaota ndoto mbaya. Mwezi wa tatu kiuno kiliniuma, nikajilaza naye kwenye mkeka sebuleni. Mas Darsono hakuuliza. Aliamka saa nane, akamwagilia, akatufunika shuka, akaenda kwenye moto. Siku zilizobaki niko naye kama mke na mume, siku zile ambazo hata ukikesha hazina kitu. Nakula vizuri, nameza foliki, natembea, nakunywa chai isiyo na sukari. Kila Alhamisi niko darasani kiti cha mbele. Wenzangu wanne wameshapata matumbo, wameniombea dua wakiondoka.

"Sielewi," Bu Retno akasema mwezi uliopita, ameishika chati yangu kwenye mwanga wa dirisha. "Darasa zima hakuna chati safi kama hii. Yai linatoka, siku zinaonekana waziwazi. Hizi nyekundu mnazitumia?"

"Tunazitumia, Bu."

Uongo ulitoka laini, haukunikwaruza hata koo. Alinipiga piga mgongoni. Mwanamke yule amenitendea mema tu.

"Basi safari hii tumpime Mas Darsono. Ile mimba iliingia, lakini mbegu huweza kupungua baadaye. Hospitali ya mkoa. Mwambie asione haya, wanaume wengi huwa na tatizo na hawajui."

Nilikusudia nisimwambie. Lakini Bu Retno alikutana naye mwenyewe kwenye duka la mchele, akamwambia.

Jana alikwenda. Alivaa shati lake la Idi, akapanda basi la asubuhi, akakaa kutwa. Majibu atapewa wiki ijayo. Alirudi jioni, akampa Kinanti pipi, akakaa mezani bila kuvua viatu. Nilikuwa jikoni napakua. Kinanti alikuwa sakafuni anachambua maganda ya choroko. Yeye siku hizi ndiye anayeuliza lile swali, kila mwezi, na ndiye mtu pekee duniani anayeuliza akitaka jibu nililonalo.

"Mama," akasema, maana sasa ananiita hivyo Warsini asipokuwepo. "Tayari?"

"Bado."

Akacheka, akarudi kwenye maganda yake. Miaka kumi na moja neno hilo lilinichoma, na jana lilipotoka mdomoni lilikuwa tamu kama asali. Kisha nikainua macho nikaona Mas Darsono amelisikia.

"Nisamehe, Yati," akasema.

"Nikusamehe nini?"

"Pengine ni mimi. Pale hospitali wameniuliza kazi, nikawaambia tanuri, wakaandika. Wanasema moto si mzuri kwa mwanamume. Miaka yote watu wanakutazama wewe tumbo, kumbe ni mimi." Alikuwa anageuza geuza pipi ya tangawizi kwenye karatasi yake. "Nimeshaongea na bosi. Kesho nahamia shimoni kuchimba udongo. Ujira mdogo, lakini hakuna moto."

Neno moja tu lingetosha. Nikageuka nimtazame usoni nilitoe. Kinanti alikuwa amesimama kati yetu na sahani ya plastiki, anangoja nimpakulie Pakdhe wake.

"Kula, Mas," nikasema. "Chakula kinapoa."

Nikamjazia choroko sahani nzima. Alikula zote, akaomba nyingine.